Maji Iko kwa Moto, Yaya

Yaya Salima, dada yangu mukubwa,

Maji iko kwa moto. Nimeitia mu sufuria yako, ile kubwa iliyokatika sikio moja, na nimekaa mulangoni mwa jiko yako na karatasi juu ya magoti. Kule uliko umeisha kucheka, najua. Unasema, leo Amisi ana shauri ya kukata.

Ni kweli. Feza, mutoto wako, iko inje kwa baraza. Amevaa viatu, mufuko yake imefungwa kwa kamba. Kule Obokote, kwa sentre ya afya, wanamutaka akauguze wagonjwa, na mwenye pikipiki amesema atapita kumuchukua asubuhi hii. Jana aliniambia, na sauti ilikuwa yako kabisa: "Mujomba, mama aliniacha mu mikono yako. Ukisema niende, naenda. Ukisema nibaki, nabaki. Lakini useme." Hiyo "lakini useme" njo imeninyima usingizi.

Basi nimeweka maji kama ulivyonifundisha. Wakati inatafuta moto, nataka nikushukuru, sababu ulipokuwa hai sikukushukuru vizuri. Nilikuwa na kazi ya kujisifu.

Yaya, hakuna nyumba ingine mu Alunguli ambayo mashauri ilikuwa na mwisho kama kwako. Unatia maji ya bugali kwa moto, kila muntu anasema yake. Maji ikichemka, unga inaingia, na hakuna anayefungua tena kinywa, sababu ulikuwaka unasema kubishana na muntu anayesonga kunaleta madonge. "Unga ikiisha kuingia, haitoki." Wageni walidhani ni mchezo, mpaka wanakuona umesimama na muiko, macho kwa sufuria, unawangojea.

Lakini sheria ile uliitunga juu yangu miye, usikatae. Miye muntu ambaye viboko vya muto Lualaba vinanijua kwa jina, miye niliyeishia primeri ya tano lakini naandika kuliko maprofesa wengine, nilikuwa na ugonjwa moja tu: kuwaza. Ulinituma sokoni kununua mbuzi, nikarudi na kamba. Niliwachunguza mbuzi wote, meno, kwato, tabia, mpaka wenyewe wakaisha kurudi kwao. Hata yule binti niliyemupenda aliolewa nikiwa bado napima kama nimuambie, na siku ya karamu miye njo nilibeba viti. Ukaniangalia na viti yangu kichwani, ukasema: "Amisi, kichwa yako ni kama gare ya Kindu. Watu wamejaa, treni hakuna." Watu walicheka mpaka bwana harusi akauliza kuna nini.

Halafu ile asubuhi ya vita.

Tulikuwa bado tunakaa ngambo ile ya muto, mujini, na masasi ya bunduki ilikuwa inalia upande wa gare. Baba ya Feza vita ilikuwa imeisha kumumeza, tulibaki sisi watatu. Miye nafunga mulango, nafungua. Tukibaki, watatukuta ndani. Tukitoka, watatukuta njiani. Tukivuka, mutumbwi itazama. Tukiingia pori, tutakula nini? Weye, Feza mugongoni, ukatia maji kwa moto. Nikasema yaya wangu amepata wazimu, anapika mu masasi. Hukupaza hata sauti: "Amisi, maji iko kwa moto. Utasema weye, ao nitasema miye."

Unakumbuka nilivyofanya? Ulipogeuka kukaza kitenge ya mutoto, nikachota kikombe ya maji baridi, nikaimimina mu sufuria ili isichemke upesi. Ukaniona. Nilingojea matusi. Ukacheka! Masasi inalia, weye unacheka mpaka Feza naye akacheka huko mugongoni bila kujua kitu. Ukaniambia: "Mudogo wangu, sufuria utaidanganya. Wale wenye bunduki je?" Ukafunika sufuria, ukaibeba na joto yake yote, ukashuka mutoni. Miye nikafuata na unga.

Habari ya kuvuka, watu wananiomba niieleze mpaka leo. Kwamba kasia ilivunjika katikati ya mutoni. Kwamba nilipiga maji na kifuniko ya sufuria, mukono moja tu, mukono wa pili nimeshika mutumbwi isipinduke. Kwamba kiboko ilitokea, kubwa kama wagoni ya treni, nikaigonga paji la uso na kifuniko hiyo hiyo, ikainamisha kichwa, ikatupisha. Weye ulikuwaka unaniacha nimalize yote, watu wameacha vinywa wazi, halafu unasema pole pole, ukichambua majani ya sombe yako: "Kifuniko nilikuwa nayo miye."

Lakini kiboko ilikuwepo, yaya. Ilikuwa mbali, lakini ilikuwepo.

Tulipofika huku Alunguli maji ilikuwa bado na vuguvugu. Uliomba moto kwa watu tusiowajua, ukasonga, tukala bugali bila mboga. Jioni, waliovuka nyuma yetu wakatuambia nyumba yetu haina tena ukuta wa mbele, na jirani aliyebaki akiwaza kama nilivyowaza miye, hakuwa tena wa kuulizwa habari. Nililia. Niliwaambia watu ni moshi. Weye ulijua si moshi, ukaniongezea bugali.

Asante, yaya. Maisha yote niliyoishi baada ya bugali ile ni yako. Muke wangu nilimuposa maji ikiwa inaanza tu kutoa mvuke, na hajanifukuza mpaka leo. Hii ploti ya Alunguli niliichukua mbele ya macho yako, na muiko mukononi mwako kama fimbo ya polisi. Watu wanasema Amisi ni muntu wa kukata shauri. Nilikubali sifa hiyo bila kuwaambia nani alikuwa anasimama kando ya sufuria.

Ulipokufa, ugonjwa ikarudi.

Kwanza Feza walimuitia kazi Punia. Nikasema, ngoja niwaze. Nikamuuliza shehe, nikamuuliza pasta, nikamuuliza muuza chumvi, hata fundi wa baiskeli nilimuuliza, na akaanza kunieleza habari ya cheni. Niliporudi na "ndiyo" yangu nzuri, iliyoiva pande zote, kazi ilikuwa imeisha kupewa mwingine. Feza hakunigombeza. Alisonga bugali, laini kama yako, akanitilia, akasema, "Kula, mujomba." Akaingia ndani. Tangu siku ile alikuwa ananipa chakula na neno hiyo moja tu. Yaya, heri angenipiga na muiko.

Na sasa ni Obokote, mbali kupita hata Punia. Nimewaza barabara, matope, mito, mvua. Nimewaza pori. Nimewaza nani atamupikia akiugua yeye anayeuguza wengine. Nimejaza gare yote, watu wanasukumana. Lakini nilipoandika hapa juu habari ya ile kikombe, nimeona muntu moja amekaa pembeni mu gare hiyo, na ni miye. Ninachoogopa si barabara. Feza akienda, sauti yako haitakuwa tena kwa baraza. Hiyo tu. Mengine yote niliyaita kuja kunisindikiza.

Ngoja kidogo, yaya, sufuria inaanza kuimba.

Nimerudi. Nikueleze vile ilikuwa, bila kuongeza.

Pikipiki ilisikika toka mbali. Maji ilikuwa inapanda. Na nikaona mukono yangu imeshika kikombe ya maji baridi. Sijui niliichota saa gani. Nilisimama nayo juu ya sufuria, na Feza alikuwa amesimama mulangoni ananiangalia. Ile hadisi ya kikombe ulikuwa umemueleza, bila shaka, hukuniachia siri hata moja.

Nikaikunywa. Yote, mpaka tone ya mwisho, na maji ilikuwa na jivu. Nikamuambia: "Enda, mama. Enda ukaangalie watu." Akacheka kicheko ile ile ya mugongoni, akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka karibu na moto, akaenda. Nilitaka kukimbilia pikipiki nimuambie ngoja tuwaze. Nikamimina unga.

Nimesonga miye mwenyewe. Imejaa madonge, mbuzi angeikataa. Nakula hivyo hivyo.

Nakuahidi: sitatuma muntu kumurudisha. Barabara ikikauka nitakwenda kumuona, na sitabeba mashauri, nitabeba unga. Na sufuria yako itakaa hapa kwa moto, hata kama hakuna wa kusimama na muiko.

Lala vizuri, Yaya Salima, usituwaze sana. Najijua, kesho nitawaambia watu nilimupa Feza ruhusa kabla maji haijapata hata joto. Uniache nimalize. Leo, tukiwa weye na miye tu, naandika kwa mukono yangu: kifuniko ulikuwa nayo weye.

Mudogo wako,
Amisi