Kitambaa Chekundu cha Kibuyu Changu

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Nimefukia ndizi leo, ziive. Shimo limejaa, majani juu, udongo juu, basi. Ijumaa nakamua, Jumapili pombe inakwenda soko la kambi ya wakimbizi, Lukole. Anayeandika ni Veronika, mke wa mwanangu. Mkono wangu unajua jembe tu. Andika hivyohivyo, Veronika, usinipambie. Kule kambini wananijua kwa kitambaa chekundu ninachofunga shingoni mwa kibuyu. Wakikiona hawaulizi, wanakaa. Kilitoka kwenye gauni la marehemu dada, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Jumanne, tarehe 10
Mwenyekiti wa kijiji kaitisha mkutano. Kapiga marufuku tiketi za kambini. Zile za namba: unanunua kwa mkimbizi, unakaa kwako, namba zinasomwa redioni kutoka ng'ambo ya mpaka. Kamari ya kigeni, anasema, inaharibu watu. Kweli inaharibu. Marehemu mume wangu alipoteza koti kwa karata, akaenda kanisani na blanketi. Lakini hapohapo mezani pa mwenyekiti kuna daftari la bahati nasibu yake mwenyewe, zawadi mbuzi. Mbuzi huyo ameshindaniwa mara tatu. Kila mara kashinda shemeji yake. Na bado mbuzi analala kwa mwenyekiti.

Jumatano, tarehe 11
Kambi wamejibu. Mmekataa tiketi zetu, nasi hatutaki vitu vyenu sokoni. Viazi, maharage, pombe yangu. Ndizi ziko shimoni, hazijui mikutano. Ukichelewa zinaoza. Nikamwendea mwenyekiti. Kaniamkia shikamoo, nikamwitikia kwa pua. Ati nivumilie kwa ajili ya kijiji. Mpumbavu. Mimi siyo kijiji?

Alhamisi, tarehe 12
Wameketi waamuzi watatu wa ugomvi huu, kando ya barabara. Katekista wetu, mzee mmoja wa kambini, na mama muuza chumvi wa Nyakanazi ambaye hana upande. Wakasema, mwenyekiti ama akataze kamari zote na mbuzi wake humohumo, ama aruhusu zote. Akasema, "Mbuzi ni utamaduni." Watu wakacheka. Yeye hakujua wanacheka nini. Akakataa katakata.
Basi waamuzi wakawapa kambi fidia. Watapika pombe yao na kuiuza kwa jina langu, wakifunga kitambaa chekundu kama changu, mpaka mwenyekiti akubali. Kitambaa changu! Sikucheza, sikukataza mtu, nilikuwa nimekaa pale na ugoro wangu. Mwenyekiti mjinga huyo, kwa ubishi wake kagawa kisicho chake. Na wamemchagua Spesiosa apike. Spesiosa wa kambini, rafiki yangu, aliyekuwa akichukua vibuyu vyangu kila wiki akiwauzia wenzake. Nimerudi sikuaga.

Ijumaa, tarehe 13
Nimekamua. Siachi ndizi zioze kwa ajili ya mbuzi. Nyasi, maji, mtama wa kukaanga. Mgongo umekatika.

Jumapili, tarehe 15
Pombe imeiva, iko ndani. Soko nalisikia kutoka hapa. Mwenyekiti kapita, anaomba kuonja. Nimemwambia akamkamue mbuzi.

Jumanne, tarehe 17
Imechacha. Nimewapa nguruwe. Wamelala mchana kutwa, wanakoroma kama halmashauri ya kijiji.

Jumapili, tarehe 22
Spesiosa kaja baada ya misa. Kaleta kibuyu. Pombe yake, ya ndizi alizopanda nyuma ya kibanda chake. Shingoni hakuna kitu. Kitambaa walichompa wenzake alikuwa amekikunja kiganjani.
"Dada, sikukifunga," kasema. "Nimeuza bila jina. Wachache ndio walionunua."
Nikaonja. Mtama kaukaanga sawasawa. Nikaonja tena. Nilitafuta kasoro, Veronika shahidi, sikuiona.
Halafu nikachukua kitambaa kile kiganjani mwake, nikakifunga mwenyewe kwenye kibuyu chake. Mafundo mawili, kama ninavyofunga changu.
Tukaweka mirija, tukanywa. Mbuzi wa mwenyekiti alikuwa analia huko. Sisi tukaendelea kunywa.