Mpangaji wa Uani

Jumatatu, 3 Machi
Faida ametafuna barua ya kodi ya majengo sasa hivi. Kona nzima, yenye muhuri. Nimetia kidole mdomoni mwake nikatoa donge. Anacheka, na meno yenyewe manne. Ningecheka pia, lakini barua yenyewe si ya kuchekea. Inasema tunapangisha. Majirani wanaokaa kwenye nyumba zao hawadaiwi kitu, sisi tunadaiwa kuliko duka la barabarani. Tusipolipa, korti. Siku za rufaa zimebaki kumi.

Kupangisha nini? Vyumba viwili. Mimi, Faida, mama mkwe. Baba Faida akirudi kutoka gereji mjini Koboko, wanne.

Jumanne, 4
Nimeisoma tena, kwa kidole, neno kwa neno. Jengo la pili, uani. Vigae vyeupe. Paa la bati. Chumba kimoja. Kina mpangaji.

Hatuna jengo la pili. Tuna kaburi la baba mkwe.

Baba Faida aliliwekea vigae mwaka jana, na kibanda juu, mvua isimpige mzee. Namkumbuka yule mtu aliyetumwa kukadiria nyumba. Nilikuwa naanika muhogo. Hata kwenye boda hakushuka. Alichungulia juu ya ua, akaandika, akaenda.

Nimemwambia mama mkwe. Hakulia. Alitema mate. "Mzee wangu amekuwa mpangaji kwa boma yake!"

Alhamisi, 6
Ofisi ya kodi, Arua. Faida mgongoni, jua, foleni. Karani alishika barua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Madamu, nani iko nakula karatasi ya serikali?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, ujinga wangu. Nikamweleza, huyo mnayemwita mpangaji alishakufa. Akasema pole. Akatoa fomu. "Kama mpangaji alikufa, andika chumba iko wazi. Tutapunguza nusu."

Hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipotaka kutapika.

Jioni Baba Faida kapiga simu, nikamweleza habari ya fomu. Anasema weka sahihi, nusu ni nusu, tusigombane na ofisi. Baba yake mwenyewe! Nimekata simu. Sijawahi kumkatia.

Ijumaa, 7
Fomu iko mezani tangu jana. Nikitia sahihi, kaburi ni chumba milele. Mwaka ujao wataniuliza mbona sijapata mpangaji mwingine. Watu hawa wananuka.

Nimeandika rufaa kwenye karatasi ya daftari. Herufi kubwa, mistari minne. Ni kaburi. Njooni muone kwa macho. Nimeipeleka mwenyewe. Karani kaipiga muhuri bila kusoma. Fomu yake nimewashia jiko.

Jumatano, 12
Wamekuja. Karani na yule yule wa boda. Safari hii kashuka. Alikuwa anaenda moja kwa moja uani na kalamu yake, mama mkwe akamsimamia mbele.

"Piga hodi kwanza, mwanangu. Si unasema iko mutu ndani?"

Hakujua aweke wapi mikono. Akasema hodi. Kweli, alisema. Hakuna aliyeitikia, kuku tu. Akasoma jina la mzee kwenye kigae. Akavua kofia. Akafuta ule mstari wa jengo la pili kwenye karatasi yake mbele yangu, akanipa niweke sahihi.

Msamaha hakuomba. Aliomba maji ya kunywa. Nilimpa. Kikombe nimekiosha mara mbili.

Jumapili, 23
Barua mpya iko juu ya kabati, Faida hafiki. Jengo moja. Mwenye nyumba anaishi humo. Hatudaiwi.

Baba Faida amekuja jana. Ile simu hajaitaja. Tangu tutoke kanisani yuko uani na brashi, anasugua vigae vya baba yake, hata pale palipo safi. Kinyaa bado ninacho, lakini leo hakijafika kooni. Nitamwambia kwamba siku ile sikukata simu kwa dharau, ila—

Ananiita. Maji yameisha, nilete ndoo, na Faida amekaa pale kwa babu yake, anapigapiga kigae kwa kiganja kama anayebisha hodi. Naweka kalamu, nampelekea maji.