Mbita Kuna Upepo, Ogwedhi Kuna Ng'ombe

Migori,
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Sasa hivi tu mtoto amenyakua mwiko wangu wa ugali, akasimama katikati ya jikoni miguu ameipanua, akamwambia rafiki yangu Joyline, "Tupa!" Joyline akamtupia kitunguu. Amekipiga kikapita dirishani, na kuku wa jirani wamekimbia kama wameona mwewe. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka ni nani alinifundisha mimi kusimama hivyo, kicheko kikaisha. Nimemwomba Joyline asubiri nikuandikie.

Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje, na karakana? Sisi huku ni wazima. Simu zangu huzishiki, na mimi nimeacha kupiga. Lakini Joyline anapita hapo Rodi kila wiki akienda Mbita kuchukua dagaa wa omena, na ameniahidi barua hii ataiweka mkononi mwako, si mezani.

Ni miaka miwili na nusu tangu niache shule na kuja kwa Matiko. Yale uliyosema siku ile sitaki kuyaanza. Wacha nianze na viwanja, kwa sababu hapo tulikuwa tunabishana na bado tunarudi nyumbani pamoja. Unakumbuka ukimaliza kuchonga magongo ya besiboli tunayafuata kila yanapoenda kuchezewa? Watu walikuwa wanasema fundi wa Rodi hana timu, anashabikia mbao.

Mimi bado nafuata. Matiko akienda kurusha mpira, naenda na mtoto mgongoni. Uwanja ninaoupenda kushinda yote ni Mbita. Kuna upepo wa ziwa, mtoto hasumbuki na joto, na mpira ukipigwa vizuri unaanguka majini, wavuvi wanaurudisha wakidai na wao wapewe zamu ya kupiga. Nisioupenda ni Ogwedhi. Umeinama kama kitanda kilichovunjika mguu mmoja, na ng'ombe wa mnada wanakatiza katikati ya mchezo. Mwaka jana fahali alisimama kwenye besi ya pili, akakosekana refa wa kumtoa.

Baba, mila naijua. Huwezi kukanyaga kwangu kabla Matiko na wazee wake hawajafika kwako, na wewe ulisema wasifike. Lakini uwanja si boma la mtu. Migori wanacheza na Mbita, kule Mbita, Jumamosi tarehe nane Machi. Njoo umwone mtoto. Hata ukimwona ukarudi bila kusema na mimi, nitashukuru.

Ni mimi binti yako,
Scovia


Rodi Kopany,
18 Februari 2025

Scovia,

Salamu. Mgongo upo. Karakana ipo. Barua nimeipata, huyo Joyline alikataa kuondoka mpaka niifungue mbele yake.

Kuhusu Mbita unakosea. Upepo wa ziwa ni mwongo. Mpigaji mvivu anagusa mpira kidogo tu, unabebwa mpaka majini na watu wanashangilia. Aliyepiga kwa nguvu zake za kweli anarudishiwa usoni. Na unyevu unaingia kwenye mbao. Magongo yangu matatu yamepasuka tangu nianze kazi hii, na yote matatu ni Mbita. Tena wale wadudu wa ziwa, unafungua mdomo kushangilia unameza kumi.

Ogwedhi ni kukavu. Gongo likikutana na mpira linalia ko! mpaka unalisikia kwenye meno. Kuinama, kumeinama, lakini kumeinamia timu zote mbili. Ng'ombe wanapita, na wanapita zao. Huyo fahali nilisimuliwa. Nasikia alilinda hiyo besi kuliko mchezaji yeyote wa Migori.

Lakini Jumamosi, Scovia? Wewe uliyeimba kwaya ya Sabato tangu hujang'oa meno ya kwanza? Umekaa kwa watu wa Jumapili miaka miwili tu na umesahau baba yako Jumamosi anakuwa wapi.

Sitakuja.

Baba yako


Migori,
Jumapili, 2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mtoto, ambaye amelala akiwa ameshika kiatu changu. Mgongo upake ile dawa nyekundu aliyobeba Joyline, usipake ya moto sana.

Barua yako imeniuma kwa sababu ni kweli. Lakini si wewe niliyekusahau, ni mimi mwenyewe niliyejisahau. Huku Jumamosi ni ya kufua na ya mechi, na miezi ikapita, sikuona nimeacha nini. Nisamehe.

Matiko alinikuta na karatasi mkononi, akauliza, nikamsomea. Kesho yake akachukua pikipiki ya rafiki yake mpaka Mbita kwa Cephas, kapteni wao, kuomba mechi isogezwe Jumapili. Cephas akamwuliza, "Kwani wewe Mkuria umekuwa Msabato lini?" Matiko akasema, "Si mimi, ni mkwe wangu." Wote wakamcheka. "Mkwe gani huyo, hata kisogo chako hajakubali kukiona!" Akakaa tu pale, akacheka na wao, hakuondoka.

Mbita hakuwezekani, Jumapili uwanja una mkutano wa maombi mpaka Pasaka. Rongo kumemwagwa changarawe. Hapa Migori sikutaka, ungesema nakuvuta mlangoni kwangu. Kimebaki kiwanja kimoja, na najua utacheka. Ogwedhi. Jumapili tarehe ishirini na tatu, saa nane mchana. Watu wa Mbita wamekubali kusafiri mbali hivyo, lakini Cephas amesema siku Matiko akienda kwenu rasmi, wao ndio watabeba soda.

Matiko atakaa upande ule mwingine. Hatakusalimia mpaka wewe useme.

Kuna kitu sikuandika mara ya kwanza. Mtoto ni msichana, ametimiza miaka miwili Januari. Anaitwa Akoth, jina la marehemu mama. Nilitaka ulisikie kwa mdomo wangu, lakini naogopa nisipoliandika hutakuja kulisikia kabisa.

Ni mimi binti yako,
Scovia


Rodi Kopany,
15 Machi 2025

Nyara, binti yangu,

Salamu kwako na kwa huyo mdogo. Dawa nimepaka.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya wiki. Nimeharibu magongo mawili, mashine inazunguka na mimi naangalia ukuta. Wakuria wana majina yao. Nani aliamua jina hilo? Niambie ukweli, usinipake mafuta.

Na mimi nikuambie langu. Agosti iliyopita nilikuwa Rongo, Migori walipocheza kule. Nilikaa nyuma ya gari la soda, kofia nimeishusha. Niliangalia upande wa akina mama mpaka mchezo ukaisha, sijui hata nani alishinda. Hukuwepo. Nikarudi nyumbani nikijiambia ndivyo Mungu alivyopanga, na nikaendelea kukasirika, kwa sababu hasira nilikuwa nimeizoea.

Huyo bwana yako, nilipogeuka kidogo nilimwona, anainua kiwiko mapema kabla ya kurusha. Mpigaji mwenye macho anajua mpira unakuja wapi. Mtu asipomwambia atapigwa mpaka azeeke.

Ogwedhi ni mbali kwa mgongo huu. Sikuahidi.

Baba yako


Ogwedhi, uwanjani,
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini umeamka salama. Sisi tuko wazima, vumbi tu. Nimekaa kwenye nyasi, karatasi iko kwenye goti, ndiyo maana mwandiko unatambaa. Mchezo uko zamu ya saba kati ya tisa na hujafika. Joyline amekuja na sisi, atakupitishia hii kesho.

Agosti Akoth alikuwa na malaria. Nilikuwa naye hospitalini siku nne, ndiyo maana hukuniona. Baba, ulikuja na mimi sikuwepo. Hapo kwenye barua yako nimepasoma mpaka karatasi imelegea.

Uliuliza jina. Ni Matiko. Mama yake alitaka mtoto aitwe Boke, na mimi nilikuwa kitandani sina nguvu ya kubishana. Matiko akamwambia mama yake, "Huyu upande mmoja bibi anaye, ni wewe. Upande wa pili hana. Wacha jina limletee." Sikumwomba. Sijawahi kukuambia mambo yake mazuri kwa sababu hukuwahi kuniuliza.

Kiwiko nimemwambia. Akasema, "Nani amesema?" Nikamwambia ni fundi wa Rodi. Hakubisha. Alienda nyuma ya nyumba akarushia ukuta mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kama tunabomoa. Leo amewatoa wapigaji watano wa Mbita, na Cephas anauliza amekula nini.

Uwanja bado sijaupenda. Mpira unateremka wenyewe mpaka kwa ng'ombe, na tumesimama mara mbili kusubiri wapite. Lakini mlio wa gongo, hapo umenishinda. Akoth akisikia ko! na yeye anajibu ko!, watu wa Mbita wanageuka kumwangalia.

Kila pikipiki ikisimama kule barabarani nainua kichwa. Sikulaumu. Kutoka Rodi mpaka hapa ni kubadilisha magari, na mgongo ni wako, si wangu. Ikiwa leo haikuwezekana, nitaomba Jumapili nyingine. Mbita ikifunguliwa nitaomba Mbita, umeze wadudu. Nitaomba Rongo. Nitaomba mpaka viwanja viishe, halafu tutalima kingine.

Ajabu, Matiko ameshika mpira na harushi. Refa anampigia kelele. Amesimama tu, anaangalia nyuma yangu huku, na sasa ametoa kofia. Sijui ni nini, ngoja, Joyline ananiita, anasema niinuke haraka, kuna mzee amesimama kule kwa ng'ombe anauliza Akoth ni yupi kati ya