Fomu Uliyoiacha Tupu

Mwanangu mpendwa Atupele,

Nimestaafu sasa, kwa hiyo barua hii naiandika bila kalamu nyekundu karibu. Najua ungecheka. Barua zako zote za chuoni nilizisahihisha kabla sijazijibu, na mara moja, Mungu anisamehe, nilikurudishia moja na makosa yake nimeyapigia mstari. Ukaniandikia tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Hukuwa mtu wa kulalamika, nami nikadhani asiyelalamika hana shida.

Unakikumbuka chumba changu cha ushauri pale shuleni? Kilikuwa stoo ya majembe kabla mkuu wa shule hajanipa, na mvua ikinyesha, yaani karibu kila siku kwa Tukuyu hii yetu, kilinuka udongo na kutu. Niliweka meza, viti viwili, birika la chai, na boksi ambamo mwanafunzi alitumbukiza karatasi yenye jina lake akitaka kuonana nami. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya mjini yalijaa ghafla vitu ambavyo tulikuwa tumeshasahau ladha yake, wanunuzi binafsi wa kahawa walifika na magari yao mpaka Masoko, na watoto waliokuwa wanajua kazi tatu tu, ualimu, uuguzi na ukarani, wakaanza kuniletea ndoto za ajabu. Gwamaka wa Nkunga alitaka kuwa nahodha wa meli. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni lile ziwa la Masoko. Sikumcheka. Nilikaa naye saa nzima tukitafuta kombinesheni ya masomo itakayomfikisha huko, na chai nikamwongezea.

Wewe nilikupa sheria siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Tulikuwa tunapanda kilima cha shule, umevaa lile sweta la mtumba lililokuzidi mikono, nikakwambia, "Ukivuka geti, mimi ni Mwalimu. Sitaki watu waseme nambeba mtoto wangu."

"Sawa, Mwalimu," ukajibu, na geti lenyewe hatujalifikia. Nilijisikia fahari, nikajiona nimezaa mtoto mwelewa.

Ukweli ni kwamba niliogopa maneno ya watu. Shule ilikuwa ya wazazi, na mzazi aliyebeba tofali kichwani kujenga darasa anaona upendeleo hata mahali usipokuwepo. Basi jina lako likitoka kwenye boksi naliweka kando, najiambia tutaongea nyumbani. Nyumbani nafika nimechoka, navua viatu, unanipa maji ya kunawa, unasimama mlangoni unaanza, "Mama, nilikuwa nataka..." Nami nakwambia, "Ofisi imefungwa, rudi kesho." Nilikuwa natania. Mara ya kwanza ulicheka kweli. Mara za baadaye ulitabasamu tu, ukachukua beseni ukaenda kumwaga maji.

Bibi yako aliona kabla yangu. Siku moja alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama hata kidogo, akasema, "Unachoka fijo, unachoka sana, na watoto wa wenzako. Huyu wako nani atamsikiliza?"

Nikamjibu kwamba huyu wangu mama yake ni mwalimu wa ushauri, atakosa nini. Akaendelea kumenya.

Ukafika kidato cha nne, zikaja selform. Unajua zilivyokuwa: mwanafunzi anachagua mwenyewe, kabla ya mtihani, anataka kwenda wapi akifaulu, kidato cha tano na masomo gani, au chuo gani. Inajazwa mara moja, na ikishafika mkoani Mbeya hakuna wa kuibadilisha. Niliwapa wiki moja. "Nendeni mkakae na wazazi wenu," nikasema mbele ya darasa zima, na wewe umekaa dawati la pili unaniangalia. Nilikuwa naongea na wewe pia, na sikujua.

Fomu zilirudi, nne zikiwa na mapengo. Utaratibu wangu shule nzima iliujua. Mwenye pengo namwita ofisini, namkalisha, namimina chai, na hatoki mpaka ajue anachotaka. Watatu niliwaita. Ya nne ilikuwa yako. Jina umeandika, sahihi umeweka chini, na sehemu ya machaguo nyeupe kabisa. Kwanza niliona aibu, halafu hasira ikanipanda. Niliona ni jeuri, mtoto wa mwalimu wa ushauri kuleta fomu tupu. Makamu mkuu alikuwa uwanjani, pikipiki inanguruma, anasubiri bahasha aiwahishe. Nikachukua kalamu nikajaza mwenyewe. Chaguo la kwanza, ualimu. Haikuchukua hata dakika mbili. Sikukuita kwa sababu wewe ni wangu, na wa kwako unadhani unamjua.

Jioni nilikukuta jikoni unachambua maharage, nikakwambia nilichofanya. Mikono yako ikasimama.

"Ualimu?"

"Ualimu. Kazi ya uhakika, na chuo serikali inalipa."

Uliyaangalia maharage. Halafu ukasema, "Sawa, Mwalimu."

Tulikuwa nyumbani, mwanangu. Tulikuwa jikoni kwetu, na bado uliniita hivyo, nami nikaenda kulala nikijua nimemaliza kazi.

Ulifaulu kwa daraja ambalo lingekupeleka popote, na ukaenda nilikokupeleka. Ukapangiwa shule ya msingi huko Masukulu. Ulifundisha mwaka mmoja na miezi kadhaa, halafu homa ya uti wa mgongo ikakuchukua ndani ya siku nne. Sisemi ualimu ndio uliokuua. Ugonjwa haumuulizi mtu kazi yake. Walimu wenzako waliniambia ulikuwa na subira na watoto wa darasa la kwanza, na nawaamini, maana subira hiyo ulizoeshwa na mimi. Kinachonikaba ni kingine. Kila mtoto aliyekaa kwenye kile kiti cha pili namjua alitaka kuwa nani, hata yule wa meli. Wewe sijui. Nimekuzaa, nimekulea, nimekuzika, na sijui.

Wiki iliyopita alikuja Tumpe kunisalimu, yule rafiki yako uliyekaa naye dawati moja. Sasa ni muuguzi, na binti yake wa kwanza amempa jina lako. Alipiga goti, "Shikamoo, Mwalimu," nikampa chai, tukaongea habari za mvua na za wagonjwa wake. Halafu nikamuuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutomuuliza mtu, mwenzake alikuwa anataka kuwa nani.

"Sijui, Mwalimu. Nilimbana sana, akakataa. Alisema wa kwanza kumwambia ni mama yake."

"Sasa mbona fomu aliileta tupu?"

Tumpe aliweka kikombe chini. "Aliiacha makusudi," akasema. "Alijua mwenye fomu tupu unamwita. Siku ile ya fomu hakwenda hata netiboli. Alishinda kwenye ngazi za ofisi yako, asije akakosekana ukimwita."

Atupele, nakumbuka zile ngazi. Nilitoka na bahasha mkononi, fomu yako imo ndani, wino wangu haujakauka vizuri, na wewe ulikuwa umekaa pale. Uliponiona ulinyanyuka nusu. Nimejaribu siku zote hizi kukumbuka kama ulifungua mdomo, na nadhani ulifungua. Nami nikakwambia, "Toka kwenye ngazi, utachafua sketi." Ukajikung'uta, ukanipisha.

Pumzika, mwanangu. Sikuombi unijibu, maana wewe ulishafanya ya kwako, uliandika jina, ukaweka sahihi, ukakaa ukasubiri.

Mama yako