Taa ya Maji, Barabara ya Mukurweini

Jumanne, 15 Julai

Mama yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Niko kwenye benchi la korido ya hospitali, miguu imeganda. Nyeri yote ukungu.

Taa ya maji ya rejeta imewaka tena leo kwenye dashibodi ya gari, mlimani, mahali pale pale. Nyekundu. Mama huiona kabla yangu kwa sababu haangalii kitu kingine. "Hilo jicho linaniangalia mimi ama wewe?" Nikacheka. Sikutaka kucheka.

Jumatano, 16 Julai

Nimefungua boneti alfajiri, injini ikiwa baridi. Ndiyo saa pekee. Plastiki ya tangi la maji imezeeka hadi haionyeshi kitu, lazima ufungue kifuniko, na kifuniko cha injini ya moto hakifunguliwi. Maji yamefika kwenye alama. Hakuna tone chini ya gari. Mabomba makavu.

Gari linasema maji yamepungua. Macho yangu yanasema yamejaa. Mmoja wetu anadanganya.

Ijumaa, 18 Julai

Mama akiwa kwenye mashine nimekwenda Gatitu kwa fundi Mwaniki. Hakufungua hata kifuniko. "Hii ni sensa imekufa, siste. Hizi dizeli za siku hizi ni waoga, zinapiga kelele bure." Amefunga sensa nyingine. Taa ikazima. Nimemshukuru kama mtu aliyeponywa.

Tukirudi, mlimani, ikawaka.

Mama aliiona. Alifunga macho hadi nyumbani.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Nimekaa ndani ya gari, mlango umefungwa, nafikiri.

Nilichosomea ni kemia. Kitu hakipotei. Kama maji yanapungua mchana na kujaa usiku, kuna kitu sikioni. Nimeandika hivyo, nikasoma tena, nikaona upuuzi. Maji hayajai yenyewe. Basi hayapungui. Basi ni waya. Nimejilazimisha kuamini waya.

Ninachoogopa si gari. Mwezi wa nne mvua ilikata barabara na Mama akakosa siku moja ya kusafishwa damu. Siku moja tu. Alilala ameketi, mdomo wazi, kifua kimejaa maji, kikichemka kama sufuria. Baba alimshika mgongo hadi kukapambazuka. Gari likifa njiani tutarudi pale. Bodaboda hawezi kupanda tena. Kusimama kituoni hawezi.

Jumanne, 22 Julai

Taa haikuwaka. Kwenda wala kurudi. Jana Baba alikuwa na gari, alikwenda kuleta majani ya ng'ombe, na hakusema lilimsumbua.

Mama ameimba njiani. Miezi sijamsikia akiimba.

Nilipaswa kufurahi. Nimeshika usukani hadi vidole vikauma.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika hospitalini. 

Tuliondoka asubuhi, baridi ya kukata masikio. Niliwasha hita kwa ajili ya Mama, maana damu yake haipashi mwili joto siku hizi. Dashibodi safi. Mshale wa joto katikati. Mlimani Mama akavuta blanketi. "Umezima moto?" Sikuwa nimezima. Nikaweka mkono kwenye tundu la hita. Upepo wa barafu.

Nilijua papo hapo. Hita hupata joto kutoka kwa maji ya injini. Hita baridi, injini haina maji. Mshale nao hauwezi kupima maji ambayo hayapo.

Nikaegesha, nikazima. Moshi mweupe nyuma, mzito kuliko ukungu, harufu tamu. Nilipoinua boneti nikaona waya wa sensa. Umechomolewa. Ncha yake imefungwa kwa tepu nyeusi, vizuri, kwa uangalifu, kama kidonda.

Nilichomoa kijiti cha oili. Oili imekuwa chai ya maziwa: imechanganyika na maji.

Mama alikaa akiangalia mbele. Alikuwa ameanza kupumua kwa juu juu. Hakuna gari lililosimama. Nilisimama katikati ya barabara. Halafu lori la maziwa likasimama. Dereva alishuka bila swali, akamwinua Mama kama mtoto hadi kiti cha mbele. "Mathe, leo wewe ndiye maziwa. Usimwagike." Mama akacheka, akakosa pumzi, akacheka.

Tumechelewa. Amepata mashine, muda mfupi kuliko kawaida. Yuko hai. Naandika tena: yuko hai.

Jumamosi, 26 Julai

Ni Baba.

Hakuficha. Kila alfajiri, kabla ya kukama, alijaza tangi kwa jagi. Maji ya mfereji. Hivyo ndivyo alivyofanya na pikapu yake miaka yote: gari linakunywa kwanza, ndipo ng'ombe. Hakuona kama ni jambo la kusemwa. Mimi nikija kumepambazuka, nakuta maji kwenye alama, natafuta waya.

Na waya pia ni yeye. Jumatatu alipitia kwa Mwaniki na majani juu ya gari, akamwomba auchomoe. "Mama yako alikuwa halali, maitu. Alisema taa inamhesabia siku." Maitu, mama yangu. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nikamwambia angemuua Mama. Nilisema polepole, nikihakikisha anasikia kila neno. Akachukua ndoo akaenda zizini. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamwa.

Namchukia leo. Najua halitadumu, lakini leo namchukia.

Jumatano, 30 Julai

Mwaniki amefungua injini. Gasketi ya hedi, ile inayotenga maji na moto kichwani mwa injini, imeungua, hedi yenyewe imepinda. Maji yalikuwa yakiingia ndani na kutoka pamoja na moshi, kidogo kidogo, wiki nyingi. Haniangalii usoni. Gari halitoki karibuni, labda halitoki.

Jana Mama alipelekwa na jirani. Jirani hawezi kila mara. Nimepata chumba Gatitu, karibu na hospitali, chini, hakina ngazi. Tunahama kesho, Mama na mimi. Baba anabaki na ng'ombe. Tangu waoane hawajalala nyumba mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Baba alikuja baada ya ibada, na ndizi na koti lake la kanisa. Amepungua. Amejifunza kupika ugali, anasema, ingawa mbwa amekataa. Mama alimrekebisha kola muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji.

Alipoondoka, Mama akapanda kitandani na soksi. Nikamwambia avue. Akasema ni baridi. Nikangoja. Akavua.

Nilibonyeza juu ya kifundo cha mguu. Shimo la kidole likabaki: maji yanarudi mwilini. Tumeliangalia pamoja hadi likajaa. Halafu nikampigia nesi.