Mlangoni mwa Kanisa Moja

Mjini kwetu, Swabia, Machi 1662

Dada yangu mpenzi Sabina,

Pokea salamu zangu na za wanao wawili, Veit na Apolonia. Natumai huko Ulm mu wazima, na kikohozi cha shemeji kinamwacha alale. Sisi afya tunayo, raha ndiyo hatuna.

Tangu tumzike mume wangu Kaspar, kaka yake Balthasar haishi kubisha hodi. Anamtaka Veit. Unakumbuka tulivyokubaliana siku ya uchumba, kama wanavyofanya wote hapa, Mkatoliki akioa Mlutheri: wa kiume afuate dini ya baba, wa kike ya mama. Tulicheka siku ile. Sasa Balthasar anasema mama Mlutheri hawezi kulea Mkatoliki, kwa hiyo atampeleka Überlingen kwa watu wa dini yake. Nikamwambia mtoto bado hulala ameng'ang'ania sketi yangu. Akanijibu, "Shemeji, usinililie mimi, kalilie baraza."

Nikaenda. Unalijua baraza letu la mji, nusu wao Wakatoliki, nusu sisi Walutheri. Wetu wakasema abaki, wao wakasema aende, wakatazamana kama mafahali hadi saa ya chakula. Diwani mmoja wetu akanifuata nje. "Mama Veit," akaniambia kwa upole, "baraza likikwama, mkataba wenu wa uchumba ndio husimama. Nenda kamfungie nguo zake." Nilimchukia kwa upole ule.

Jumapili sisi Walutheri ndio tunaotangulia katika lile kanisa letu moja, nao Wakatoliki huingia tukitoka. Wanangu hupishana mlangoni, Apolonia akimfinya kaka yake shavu. Jumapili iliyopita Apolonia alitoka na jirani, akanitafuta kwa macho. Dada, keti kwanza. Nilikuwa upande wa pili wa mlango na Veit, nasubiri kuingia. Nimekuwa Mkatoliki. Balthasar amenyamaza, na mwanangu amebaki.

Usiniulize kama naamini. Nilipiga magoti, nikamwomba Mungu yule yule tuliyefundishwa na mama.

Lakini sasa Apolonia ni Mlutheri asiye na mama Mlutheri, na ndugu yake wa karibu katika dini yake ni wewe. Ukija kumdai, wetu wa Kilutheri watasema aende, Wakatoliki watasema abaki, watakwama tena, na mkataba utasimama. Najua hukujaliwa mtoto. Najua ulivyolia mwaka jana ulipomwacha hapa kwetu, na kitanda ulichomwekea huko Ulm nakijua.

Nakuomba, Sabina, usije.

Msalimie shemeji. Apolonia anakusalimu sana, anauliza shangazi za wenzake huja kila Pasaka, mama yake mkubwa atakuja lini.

Mimi mdogo wako,
Ursula