Saini ya Bibi

Jumamosi, Mtoni

Kwenye fomu ya kulea mbwa kwa muda niliandika kwamba Bibi amekubali, na wala sikuwa nimemuuliza. Mie naonaga aibu hata kuomba chumvi kwa jirani.

Leo dada wa kituo cha kuokoa mbwa kaja kukagua nyumba. Kamwamkia Bibi shikamoo, kisha kamuuliza moja kwa moja kama kweli amekubali. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi kanitazama weee. "Huyo mbwa akilamba sufuria, nani ataiosha mara saba, na udongo, kama dini inavyotaka?"

"Mie, Bibi."

"Chakula na daktari?"

"Juu yetu," dada akajibu, "mpaka apate wa kumchukua moja kwa moja."

"Basi akae uani. Lete fomu, mwongo wee, nisaini mwenyewe."

Kasaini kwa herufi za Kiarabu. Kesho mbwa anakuja, na sina ninachoficha.